Kiguu Kimoja, Njia Nzima

...na kama ni kiguu, mbona kimoja, mbona wahenga hawakusema miguu na njia, Fundi Viatu alijiuliza, msharasi wake wa kutobolea umezama nusu kwenye soli ya kiatu cha bintiye, na swali lilimwasha kama upupu, maana binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda kwa mguu mmoja kama korongo, mguu wa pili uko peku, vidole vinagusa gazeti tu, na ng'ambo ya barabara gari la wapimaji linanguruma, miezi sita binti na wenzake wanakwenda kupima barabara kwa miguu, hatua kwa hatua, na jana Fundi alipopewa habari hizo alitupa kijiko mezani akasema, sina mtoto, nina kiguu na njia, na leo binti kauliza kwa upole, ule upole unaokata kuliko wembe, “Baba, neno ulilonitupia jana asili yake ni nini?”... ah, kumuuliza Fundi asili ya neno ni kumuuliza samaki kama anajua kuogelea! wateja wangapi wameondoka hapa vinywa wazi, mmoja aliambiwa na Fundi kwamba kiguu na njia alikuwa tarishi wa mfalme, kalala mara mbili tu maishani mwake, mwingine akaambiwa alikuwa mwizi wa ng'ombe, kila wiki asili mpya na hakuna aliyethubutu kubisha, basi mate yalimjaa, akafungua kinywa, “Zamani, mama, palikuwa na mfalme...”, “Si huyo wa tarishi?” binti akamkatiza, na Mshonaji wa kibanda cha pili, mwanamke asiyepitwa na neno, akacheka juu ya cherehani yake, “Fundi, kiatu hicho unakishona au unakizika? Gari litaota mizizi!”, cheka, cheka tu, hujui ninachokishona, maana siri ilikuwa kwenye uzi, uzi mwembamba, mkavu, haujaonja nta hata kidogo, Fundi mwenye mikono ambayo haijawahi kurudishiwa kiatu, haijawahi, waulize, leo anashona kiatu cha kuachama, keshokutwa soli itaning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, binti atarudi anachechemea, Baba, kiatu kimenishinda, naye atasema nilikwambia, na chai itakuwa jikoni... hila tamu hiyo, tamu mpaka akageuza kiatu kuifurahia, na hapo ndipo alipoona kisigino, upande wa nje umeliwa mshazari kama kipande cha sabuni, ngoja, ngoja kwanza, miaka thelathini anasoma soli za watu kama wengine wasomavyo barua, anamjua mvivu, anamjua mwenye haraka, anamjua anayesimama sana foleni, lakini ulaji huu ameuona kwenye kiatu cha mtu mmoja tu duniani, ndara za mama yake, mama mwenye mguu wa kulia mfupi, aliyezunguka nyumba hadi nyumba akiwasomea barua zao wasiojua kusoma, jua, mvua, huyo anapita, tik-taa, tik-taa, na watoto nyuma yake, kiguu na njia! kiguu na njia!... kumbe ndiyo maana ni kimoja! moyo ulimruka Fundi, akataka kupiga kelele, ya tarishi uongo, ya mwizi uongo, huenda neno lina miaka mia tano na wenyewe wanajua lilikotoka, lakini nyumbani kwake liliingia kwa mlango huo, kwa mguu mmoja mbovu usiokubali kukaa, na yeye, kijana wa miaka kumi, alikuwa wapi? hatua ishirini nyuma, akijifanya hamjui mwanamke yule... lakini binti hachechemei, miguu yake mizima kama ya swala, vipi basi, vipi, naam! alijifunza kutembea ameshika mkono wa bibi yake, wawili hao uani, tik-taa, tik-taa, mtoto akauiga mwendo akadhani ndivyo binadamu wanavyotembea, bibi kaenda zake lakini mwendo umebaki, uko hapa, kwenye kisigino, na wewe Fundi unaushonea uzi mkavu uanguke njiani, haya gani hii... honi ikalia, “Baba, bado?”, “Bado kidogo, mama,” akasema, na vidole vyake vikaanza kufumua, sst, sst, mshono wote, Mshonaji akashika kiuno, “Wewe! Unarudi nyuma?”, “Kaa kimya, mwanamke, leo ndiyo nakwenda,” na akavuta uzi mnene, akaukunja mara mbili, akaupitisha kwenye nta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, uzi wa kuvuta ng'ombe mtoni, miezi sita ni nini, kiatu hiki kitapima dunia kirudi kinadai nyingine, wala kisigino hakukinyoosha, alikiacha na mshazari wake... “Hujanijibu,” binti alisema, bado kwa mguu mmoja, gari bado linanguruma, gazeti bado chini ya vidole vyake, na Fundi, msharasi umezama nusu kwenye soli, pale pale ulipokuwa, hakumtafuta mfalme wala tarishi, “Limetoka kwa bibi yako,” alisema, “mimi nilikuwa nyuma yake, nikaliokota vibaya.”