Mkwe na Kikombe cha Hewa

Nilikuwa nimechoka hadi kulalamika kwenyewe nimeacha. Miezi mitatu nimemuuguza baba mkwe wangu, mzee Hhando, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, nikilala sakafuni kando ya kitanda chake, na hata siku moja hakuniambia asante. Mara uji wa moto mno, mara umepoa. Mto uko juu, mto uko chini. Mume wangu Thomasi alibaki nyumbani Mbulumbulu, eti shamba la ngano halina mtu. Nami nilikuwa nimeshaamua: nikimfikisha mzee nyumbani, siku hiyo hiyo nakwenda kwa mama yangu Oldeani, nilale. Sikumwambia mtu.

Aliporuhusiwa, safari ya basi ingemmaliza, kwa hiyo parokia ikatuchangia tiketi za ndege hadi Kilimanjaro. Tulikuwa angani tunakunywa juisi wakati masikio yangu yalipoziba ghafla. Ukungu ukatanda ndani ya ndege, na kutoka juu ya vichwa vyetu vikaanguka vikombe vya njano vyenye mipira, kimoja mbele ya kila pua. Rubani akatangaza kwamba hewa ya ndani inavuja, tuvae haraka, anaishusha ndege.

Nikamvalisha mzee. Akakipiga kofi.

"Sivai! Mimi bado sijafa!"

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikasirisha. Kule wodini walivalishwa kikombe cha namna hiyo wagonjwa wa kitanda cha mlangoni tu, na wote aliwaona wakitolewa wamefunikwa shuka. Nikajaribu tena. Akageuzia uso dirishani, amekaza midomo, na kucha zake zimeanza kuwa za bluu. Kichwa changu nacho kilianza kuzunguka.

"Vaa chako kwanza, mama!" mhudumu akanifokea. Nikavaa.

Mzee akageuka, akaniona.

Sijapata kuona uso ukibadilika vile. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama Patrisi! Na wewe tena? Ni mimi nimekuua! Nilikuwa nakusikia usiku, unalia huko chini, unamwita mama yako, nikajifanya nimelala. Nilijua nikisema asante nitalia na mimi. Asante, mwanangu. Asante." Kisha akakivuta kikombe chake mwenyewe, akakibandika usoni. "Haya, twende wote."

Nilitaka kumwambia hatufi. Lakini ndege ilikuwa inashuka kwa kasi, watu wanapiga kelele, na kusema kweli sikutaka aniachie mkono.

Tulitua salama. Mzee aliniangalia mara moja tu, akaona haya, akageukia dirisha. Thomasi alitupokea na Landrova ya kuazima, akasimulia habari za ngano njia nzima. Mimi nilikuwa nasinzia, nikijua kwamba maneno ya angani yamebaki huko huko angani.

Tulipofika njia panda, Thomasi akapunguza mwendo akate kona kwenda Mbulumbulu.

"Usikate," mzee akasema. "Nyoosha Oldeani. Mama Patrisi anakwenda kwa mama yake, akalale."

"Baba! Sasa nani atakuogesha?"

"Wewe. Kwani huna mikono?"

Thomasi akanitazama, akingoja nimtetee. Nikafumba macho.