Cherehani Isiyoweza Jinzi

Kwa miezi saba fundi wa nguo alizimwagia cherehani sifa kedekede kwenye tovuti yake, akitumaini kamisheni kwa kila msomaji atakayebonyeza kiungo chake na kununua. Watu walisoma, wakaenda zao. Siku moja sindano ilipomkatikia mara ya tatu kwenye jinzi, akaandika kwa hasira: "Cherehani hii ya bluu haiwezi jinzi. Mapazia, sawa, nimeyashona nayo miaka miwili."

Kesho yake dada yake alifungua kompyuta, akapiga ukelele.

"Mdogo wangu, watu kumi na tisa wameinunua hiyohiyo kupitia kiungo chako!"

"Niliyoiponda?"

Mkasi ulimponyoka. Mnunuzi mmoja alikuwa ameandika: "Mimi nashona mapazia tu. Asante kwa kusema kweli."

Akaketi juu ya rundo la vitambaa, akayasoma maneno hayo tena na tena. Hata alipoitwa kunywa chai hakusikia.