Suruali ya Kambo

Mahakamani walimwita Bwana Kizingiti, naye hakulichukia jina hilo, kwa kuwa kizingiti ndicho kilichomlisha. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuhakikisha kwamba hakuna aliyeingia mbele ya hakimu akiwa amevaa ovyo. Aliwarudisha wenye kandambili, wenye kofia, na wenye mashati yaliyofunguliwa vifungo hadi kitovuni. Alipata kumrudisha hata shahidi ambaye kesi nzima ilikuwa ikimngoja, kwa sababu soksi zake zilikuwa za rangi mbili. Hakimu alipouliza shahidi yuko wapi, Bwana Kizingiti alijibu kwa utulivu, "Mheshimiwa, amekwenda kutafuta pacha wa soksi ya kushoto."

Mtu wa namna hiyo akipokea kadi ya harusi haisomi kama watu wengine. Wengine hutazama majina, kisha mahali, kisha huigeuza kadi nyuma kuona kama watoto wamekatazwa. Yeye, ingawa bibi harusi alikuwa kitindamimba wake mwenyewe, alianzia chini, penye maandishi madogo: bustanini kwa wazazi wa bwana harusi, saa sita mchana, wanaume, suti nyeusi. Akasoma tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakwe walikuwa watu wanaojua mipaka.

Tatizo ni kwamba suti nyeusi hakuwa nayo. Ile aliyoolea bado ilining'inia kabatini, lakini kati yake na tumbo la mwenyewe palikuwa na ugomvi ambao hakuna hakimu angeusuluhisha. Na fedha ya nyumba ilikuwa imekwisha kumegwa na harusi yenyewe, kipande hiki kwa viti, kipande kile kwa maua, kikabaki kipande ambacho fundi cherehani alikitazama kwa huruma, akamrudishia.

"Nenda kwa kaka yangu ukaazime," mkewe alimwambia. "Ana suti tatu."

"Nisimame mbele za watu nimemvaa shemeji? Nguo ya kuazima haisitiri matako, mama."

"Matako yako yanasitiriwa na sare ya serikali tangu nikujue, wala sijayasikia yakilalamika."

Binti yao, mwalimu wa chekechea, alikuwa mezani akihesabu gharama kwa vidole, jinsi anavyowahesabia watoto wa darasa lake. Akasema, "Baba, mimi usininunulie kitu. Zawadi sitaki. Nataka unishike mkono tuivuke ile bustani mpaka mbele. Basi."

"Hilo ni jukumu langu," baba alisema, "na sijawahi kulikimbia jukumu. Lakini nitalitekeleza nikiwa nimevaa inavyotakiwa."

Ndiyo maana Jumamosi moja alijikuta katika soko la mitumba upande wa pili wa mji, mahali alipoamini kwamba hajulikani. Aliingia katika banda la muuzaji mmoja aliyejiita Daktari wa Makoti. Banda lilikuwa limeezekwa kwa turubai la rangi ya chungwa, na jua lilipopenya humo kila kitu kiligeuka rangi. Hata meno ya Daktari yalionekana kama yamepakwa manjano.

"Karibu, mzee wangu. Harusi au msiba?"

"Umejuaje?"

"Mzee wa heshima kama wewe huku haji kwa mapenzi yake. Ni moja katika hayo mawili."

"Harusi. Namtoa binti."

"Hongera sana. Basi hilo koti uliloshika weka chini, lina historia ya msiba. Jaribu hili."

Koti lilimkaa mabegani kana kwamba lilikuwa likimsubiri. Daktari akazama katika rundo jingine, akaibuka na suruali, akaiweka juu ya koti. Bwana Kizingiti akaivuta karibu na macho, kwa jicho lile lile lililokuwa likiwatetemesha mashahidi.

"Hawa wawili ni wa mama mmoja?"

"Nikudanganye wewe? Ni ndugu wa kambo. Ila wanapatana. Watoe nje juani uwaangalie, ndiyo utawajua tabia."

Lilikuwa shauri jema, na Bwana Kizingiti alikwisha kupiga hatua moja kulifuata. Lakini pale nje, kwenye jua hilo hilo, alikuwa akipita mpiga chapa wa mahakama na kapu lake, mwanamke ambaye akiona jambo leo, kesho liko kwenye kila meza. Bwana Kizingiti akainama ghafla nyuma ya makoti kama mtu aliyeangusha kifungo.

"Mzee, umepoteza kitu?"

"Funga hizo nguo."

"Bila kuziona juani?"

"Macho haya yamewapima watu kabla wewe hujazaliwa. Nyeusi ni nyeusi."

"Haya," alisema Daktari wa Makoti, akilitafuta gazeti la kufungia. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Nyumbani alizitia sandukuni akafunga kwa ufunguo. Mkewe alipoomba kuziona aliambiwa ataziona siku yenyewe, kama watu wengine. Usiku mmoja alizijaribu chumbani, chini ya balbu iliyochoka, akajigeuza mbele ya kioo, akaona weusi mtupu kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Akalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Asubuhi ya harusi nyumba ilijaa mvuke wa pasi na wanawake. Dada yake mkubwa, shangazi wa bibi harusi, alikuwa amekaa uani na pini nyingi kinywani, akipunguza shela. Mkewe alikuwa akipiga mswaki viatu vya watu wote. Bwana Kizingiti akatoka mlangoni, akasimama juani, akarekebisha tai, akangoja kusifiwa.

Mkewe akaweka chini kiatu na mswaki.

"Mzee," alisema, "hizo nguo zote mbili zinakwenda mahali pamoja?"

"Una maana gani?"

"Naona koti linakwenda harusini, suruali inakwenda malishoni."

Shangazi akazitoa pini kinywani moja moja, kwa kuwa neno alilokuwa nalo lilihitaji nafasi. "Mdogo wangu, hiyo ni kijani. Tena kijani kibichi cha kushiba mvua. Njiani usisimame karibu na mbuzi."

"Ni nyeusi," alisema Bwana Kizingiti.

"Tazama chini."

Akatazama. Akarudi ndani mlangoni, penye kivuli. Suruali ikatulia, ikawa nyeusi. Akatoka juani, ikawa kijani. Akaingia, akatoka, akaingia tena, kama mtu anayemhoji shahidi kigeugeu kwa matumaini kwamba mara hii atasema kweli. Shahidi hakubadili kauli. Kila alipofika juani alisema kijani.

Wakajaribu yaliyowezekana. Suruali ya suti aliyoolea ilipanda hadi mapajani ikagoma. Ya sare ilikuwa kaki, yenye mstari mwekundu pembeni. Mkewe akampigia kaka yake simu: alikuwa tayari njiani, amebanwa garini na wajomba, na suti zake nyingine amezifungia ndani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bwana Kizingiti alikuwa radhi kumvaa shemeji, na shemeji hakupatikana.

Akasimama katikati ya ua, akayainua mabega yake kama afanyavyo mlangoni.

"Kadi imesema suti nyeusi. Aliyevaa kinyume haingii. Nimewarudisha watu kwa makosa madogo kuliko hili. Nikiingia mimi hivi, Jumatatu nitamtazamaje mwenye kandambili? Nitamsindikiza binti mpaka langoni nibaki hapo. Mjomba wake ataendelea naye."

"Umerogwa," mkewe alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Bibi harusi alikuwa amefika mlangoni, gauni limefungwa zipu nusu, nywele upande mmoja zimekamilika na upande wa pili bado. Alikuwa ameyasikia yote.

"Baba, hukumu imeshatoka?"

"Sikuitoa mimi. Imetolewa na kadi."

"Na mimi sina haki ya kusikilizwa?"

Hapo alikuwa amemshika pabaya. Kule mahakamani hata mwizi wa kuku alisikilizwa. "Sema," baba alisema.

"Kadi imesema wanaume wavae suti nyeusi. Inaongea na wageni. Wewe ni mgeni wangu?"

"Hapana."

"Basi wewe huko chini hauko. Wewe uko juu, penye majina ya wanaoalika. Nionyeshe palipoandikwa anayealika avae nini."

Bwana Kizingiti alifikiri. Aliipitia kadi kichwani kutoka juu hadi chini, maana aliijua kwa moyo. "Hiyo ni hoja ya kupita dirishani."

"Mlango umeufunga wewe. Nipite wapi?"

Shangazi akacheka hadi pini zikamwagika. Lakini binti hakucheka. Akashuka ngazi, gauni limeinuliwa kwa mikono miwili, akasimama mbele ya baba yake.

"Mimi sikuomba suti, Baba. Niliomba mkono. Ukibaki langoni, na mimi nabaki langoni. Ndoa itafungwa hapo hapo mbele ya walinzi."

"Usinitishe."

"Sikutishi. Nimevaa viatu vya kusimama."

Alimtazama, akaona kwamba hafanyi mzaha; ile shingo ngumu aliijua, aliinyoa kila siku kwenye kioo. Akashusha mabega.

"Watu watacheka," alisema, kwa sauti ya chini.

"Wakwe wamelipia muziki," mkewe alijibu. "Vicheko havitasikika."

Shangazi ndiye aliyeleta mpango. Alilizunguka gauni mara moja, akalipima kwa macho. "Hili ni pana. Mtembee mmegusana, na litameza mguu wako wa kulia."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto tumwachie Mungu."

Ikakubaliwa kwamba akishamkabidhi binti atakwenda moja kwa moja kwenye meza ya mbele, ambapo mkewe atakuwa amevuta kiti, na kitambaa cha meza kitamaliza kazi iliyobaki.

Bustani ile haikuwa na kivuli hata cha kumfaa kuku. Jua lilikuwa utosini. Muziki ulipoanza, baba na binti walitoka langoni wamebanana kama watu wawili katika mwavuli mmoja, na gauni likaumeza mguu kama ilivyoahidiwa. Mguu wa pili ulipokanyaga nyasi, rangi na rangi zikatambuana. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kwa sababu aliona koti jeusi likija peke yake, limeelea juu ya majani.

Bwana Kizingiti hakuona lolote katika hayo. Macho aliyakaza mbele, na mkononi alihisi vidole vya mwanawe vikimbana, vile vile alivyombana alipokuwa akipelekwa shule siku ya kwanza. "Polepole," alimnong'oneza. "Hakuna anayetufukuza."

Walifika. Akauachia mkono wa binti taratibu, akauweka katika mkono wa bwana harusi. Gauni likahama na mwenyewe, likamwacha baba mtu hadharani, miguu yote miwili juani.

Mkewe akagonga kiti. Hakumsikia. Akagonga tena.

"Mzee, kiti."

"Nakiona."

"Wanakutazama."

"Waache watazame. Mimi namtazama mwanangu."

Mpiga picha akamsogelea kwa heshima, kamera kifuani. Alikuwa kijana mwenye adabu, akatafuta maneno. "Samahani, mzee wangu. Hapo ulipo, suruali... mwanga huu unaitoa kijani. Picha niikatie kiunoni?"

"Mwanga hauna kosa," alisema Bwana Kizingiti, bila kugeuza kichwa. "Suruali ni ya kijani. Piga mpaka viatu."

Mkewe akakitazama kiti kitupu, akakikalia mwenyewe.