Sekunde Ishirini na Sita

Kengele haikulia. Gaudensia alikuwa ametumbukiza kipimajoto kwenye kikombe cha chai ya moto, mguu ukimchezacheza chini ya meza, lakini kisanduku cha kulinda friji ya chanjo kilikaa kimya kama kilichokatwa ulimi. Sekunde ishirini na sita. Kisha mlinzi wa ndani ya mfumo, programu ya kugundua mkwamo, akalalamika kwenye skrini: prosesa imekwama.

“Mwongezee huyo mlinzi muda, asilalamike,” alisema Raymundi, mwenye karakana hiyo ya mtaa wa Isevya. “Gari la kukipeleka zahanati ya Isikizya linaondoka saa kumi, mama.”

“Nikimnyamazisha, friji ikipata joto nani atasikia?”

Kosa lilikuwa la Gaudensia mwenyewe. Kiendeshi alichokiandika, programu ndogo ya kuhifadhi rekodi kwenye kadi, kilishika prosesa pamoja na kufuli, alama ya kuzuia programu nyingine zisiingie, kisiachie mpaka rekodi zote elfu tisa ziishe. Kengele ilikwama nyuma yake. Akaongeza mstari: kila rekodi mia, wapishe wengine. Akajaribu. Mfumo mzima ukaanguka.

Saa tisa na nusu. Mgongoni, Minza, mwanawe wa miezi saba, akaanza kulia.

“Nipe huyo mtoto,” alisema Apolinaria, shangazi wa mumewe, aliyekuja kumsaidia tangu asubuhi na asipewe cha kusaidia.

“Mchukue tu, shangazi.” Macho kwenye skrini, vidole vikichapa.

Apolinaria akavuta. Kanga haikulegea. “Nimchukue vipi na fundo umelikaza? Hata wapagazi wa misafara walikuwa wakitua mizigo, mwanangu! Wewe unanipa mtoto kwa mdomo tu.”

Raymundi akaangua kicheko. Vidole vya Gaudensia vikasimama. Alisoma tena mstari wake: aliwaambia wengine wapite, na kufuli bado kalishika.

Akafungua fundo. Ubaridi ukampita mgongoni, nusura amrudishe mtoto. Kisha akaandika: fungua kufuli, pisha, funga tena, endelea.

Safari hii alikifumbata kipimajoto kiganjani. Rekodi zilikuwa zikiingia kwenye kadi, taratibu kuliko mwanzo. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na moja, na kengele ikapasua karakana nzima, rekodi zikiendelea kuingia.

“Haya, lete!” Raymundi alikwishanyanyua kisanduku.

Mlangoni, mikononi mwa Apolinaria, Minza aliisikia kengele, akacheka. Kicheko hicho Gaudensia alizoea kukisikia kisogoni, akiwa kazini. Akageuka kutazama. Kumbe mtoto akicheka hufumba jicho moja.