Kaa wa Kijito cha Mikenge

Kijito cha Mikenge, kwenye njia ya kwenda Kiwangwa, hakikuwa kikubwa. Mbuzi mwenye haraka angekiruka. Hata hivyo kijiji kizima kilikunywa humo, na kila asubuhi hakuna aliyetia kata majini kabla Mina binti Mwinyijuma hajasema neno lake. Miaka ile Seyyid Barghash alikuwa bado hai Unguja, na misafara ya kutoka bara ilipita hapo ikishuka Bagamoyo. Msafara ukilala penye maji, huacha kila uchafu nyuma yake isipokuwa shukrani. Ndiyo maana maji yalihitaji mtu wa kuyaangalia, na kazi hiyo Mina aliirithi kwa mama yake.

Alianza na samaki, akaja kwa viluwiluwi, mwisho akapindua mawe kutafuta kaa. Samaki, alikuwa akisema, ni kiumbe wa kudeka, jambo dogo tu keshakufa. Kaa ni mgumu, kwa hiyo kaa ndiye shahidi. Akimkuta mzima chini ya jiwe lake, Mina alinyanyuka, akajifuta mikono kwa kaniki, akasema, "Maji mazima." Hapo ndipo watu walipochota.

Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Taabu ilikuwa shemeji yake Pazi, kaka wa marehemu mumewe, aliyelima huko juu kijito kinakoanzia. Pazi alikuwa na mchezo wa kuponda majani ya utupa na kuyamwaga majini, samaki walewe, waelee, naye aokote bila kutoka jasho. Utupa haumdhuru mtu wala kaa. Samaki wake huliwa, na maji yake hunywewa. Lakini unafagia mpaka vifaranga vya samaki, na Mina alikuwa amemgombeza juu ya jambo hilo mpaka koo likamkauka. Walikuwa hawasalimiani tangu mvua zilizopita.

Basi asubuhi moja ya kiangazi, maji yakiwa machache, Mina alifika kijitoni akakuta perege na kambale wanaelea matumbo juu. Hakuona samaki pale. Machoni mwake alimwona Pazi.

"Utupa!" alipaza sauti. "Karudia tena, hana haya yule mzee!"

Hakuinama, wala hakugusa jiwe hata moja. Hasira ilikuwa imempanda na jibu alikuwa nalo tayari.

"Tuchote, bibi?" wanawake waliuliza nyuma yake.

"Choteni. Utupa umemuua nani? Na samaki okoteni, wasije wakaoza bure."

Miongoni mwa wanawake hao alikuwa Kibibi, bintiye Mina, mtoto pekee aliyemsalia baada ya ndui kuwachukua wengine. Tumbo lake lilikuwa limeshashuka na siku zake zimekaribia. Kwa muda mrefu alikuwa akililia samaki kama mtoto anavyolilia ziwa la mama. Mina alimchagulia perege mnene kuliko wote, akamtilia kikapuni.

"Kampike kwa mchuzi mwingi, mwanangu, unywe mpaka utosheke. Mjukuu wangu asije akazaliwa na uchu."

Kibibi alicheka, akaondoka na mtungi kichwani. Mina akakaza kaniki kiunoni, akapanda kwa Pazi.

Aliingia uani bila kupiga hodi. Pazi alikuwa akichonga mpini. Alimtazama, akashusha shoka.

"Leo umetuulia kijito kizima," Mina alisema. "Nakupeleka kwa jumbe."

"Shemeji, sikumwaga kitu. Mti wangu wa utupa ule pale, tazama kama una tawi lililokatwa."

"Umekata mwingine."

"Kuna watu wa msafara walilala hapa juu. Walikuwa na ngozi za ng'ombe, wamezipaka dawa nyeupe ya kuzuia wadudu. Dawa ikawawasha mabega, wakaziloweka na kuzisugua majini. Niliwafukuza, wakanionyesha bunduki. Asubuhi nilimtuma mtu aje akwambie, hakufika?"

"Hakufika. Na maneno huna upungufu nayo."

"Basi usiniamini mimi. Kaa je? Kaa umewaangalia?"

Mina aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira. Akatoka bila kuaga, akafuata kijito apate kuokota makapi ya utupa amtupie Pazi usoni.

Hakuona jani lililopondwa. Aliona matope yaliyokanyagwa na ukoko mweupe ulioganda kwenye majani ya ukingoni. Akainama, akapindua jiwe. Kaa alikuwa chali, miguu imekunjamana. Akapindua jingine, na jingine. Wengine walikuwa wamejikokota mpaka nchi kavu wakafia njiani.

Mina alikimbia. Alikuwa mtu mzima, mwenye goti bovu, lakini alikimbia akipiga kelele watu wamwage maji, wamwage mchuzi, na watu wa mashambani wakadhani amepata wazimu.

Alimkuta Kibibi uani, amejikunja ubavuni mwa jiko, anatapika. Chungu kilikuwa kitupu. Mina alimnyanyua kichwa, akakipakata.

"Mama," Kibibi alisema, "niliwaona kaa, wakati nachota. Wamelala chali."

"Kwa nini hukusema, mwanangu? Kwa nini?"

"Nilijua umeshawaangalia."

Jirani wengi waliumwa siku ile, wakapona kwa maziwa na dua. Kibibi alikuwa amekula fungu kubwa kuliko wote, na maziwa hayakukaa tumboni. Alfajiri alifariki, na mtoto tumboni mwake.

Maiti haizikwi bila kuoshwa. Waoshaji walifika, wakatandika mkeka, wakakaa. Mitungi yote kijijini ilikuwa imemwagwa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza Mina maji yachotwe wapi, na Mina hakunyanyua uso.

Jua lilipopanda, Pazi aliingia na mtungi begani, jasho linamtiririka. Alikuwa amekwenda mpaka chemchemi ya ng'ambo ya kilima. Aliutua mbele ya shemeji yake, akasimama kando.

Mwoshaji mkubwa alishika kata, lakini hakuitia mtungini. Wenziwe pia walingoja. Hata leo walingoja neno lake, na Mina alitamani wamtukane kuliko kumngoja vile.

Alitia mkono mtungini. Chini kabisa kitu kiligusa vidole vyake, kikasita, kisha kikambana kwa nguvu. Pazi alikuwa amemtia kaa mzima ndani. Mina aliuacha mkono humo, ukaumwa, na machozi aliyokuwa hajayalia tangu alfajiri yakamtoka.

"Maji mazima," alisema.

Waoshaji wakaubeba mtungi, wakaingia nao kwa Kibibi.