Mtoto Aliyezikwa Chita

Mwalimu Kelestini alikuwa katekista wa kigango cha Lipangalala kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo lilikuwapo swali moja ambalo hakuwahi kulijibu kwa namna mbili. Mtoto akifa kabla ya kubatizwa, azikwe wapi? Azikwe nyumbani kwao, nje ya makaburi ya Wakristo, bila ibada. Alilijibu kwa upole, ameinamisha kichwa, na mara nyingi alibaki pale msibani hadi jua linazama, akisaidia hata kuchimba. Hakuwa mtu mkatili. Alifundishwa hivyo na waliomtangulia, akaamini, naye akafundisha.

Sasa alikuwa na miaka sabini. Magoti yalimuuma, baiskeli aliisukuma zaidi ya alivyoipanda, na alikwisha kumwomba Paroko mara mbili ampumzishe. Paroko alimwambia asubiri kidogo, atakayempokea kazi yuko masomoni. Kelestini akasubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, maji ya masika yakiwa bado yamesimama kwenye majaruba ya mpunga, Nkwabi alikuja kwake kwa pikipiki. Nkwabi alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Alimwoa Omega, binti wa palepale Lipangalala, na mwaka ule alikuwa akifundishwa dini na Kelestini ili abatizwe Pasaka ijayo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Nkwabi hakukaa. Alisema Omega amejifungua jana, na mtoto ametoka akiwa amekwisha kufa. Wa kike. Wamemzungushia khanga, yuko kwa mama mkwe wake. "Nimekuja kuulizia kaburi," alisema.

Kelestini alishusha pumzi. Alimpa pole, akamuulizia hali ya Omega, kisha akamjibu kama alivyowajibu wengine wote. Nkwabi alimsikiliza mpaka mwisho, kofia ipo mkononi.

"Ni kwa sababu yangu, Mwalimu? Kwa kuwa mimi sijabatizwa?"

"Hapana, si kwa sababu yako. Ni kwamba mtoto hakupata maji."

"Angeyapata wapi? Hata kupumua hakupumua."

Kelestini alisema ndivyo Kanisa lilivyoagiza. Nkwabi akashukuru, akavaa kofia yake, akawasha pikipiki na kuondoka. Luciana, mke wa Kelestini, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, na maneno yote aliyasikia. Alinyanyua ungo wake akaingia ndani, ingawa mchele ulikuwa haujaisha kuchambuliwa.

Saa sita simu ililia. Alikuwa Padre Joachim, Paroko, kijana ambaye Kelestini angeweza kumzaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nkwabi amefika hapa parokiani. Nakuomba uwaambie vijana wachimbe kaburi, lile eneo la watoto. Saa kumi nitakuwa hapo."

"Padre, mtoto huyo hakubatizwa."

"Najua, Mwalimu. Tutaongea."

Vijana wakachimba. Fundi wa viti alipiga kisanduku cha mbao nyeupe, kifupi kama droo ya meza. Omega aliletwa ameshikwa mikono na mama yake na shangazi, akakalishwa kwenye mkeka. Padre alivaa stola nyeupe shingoni. Kelestini alishika ndoo ndogo ya maji ya baraka kama alivyokwisha kuishika kwenye mamia ya mazishi, akasikiliza sala ambayo hakuwahi kuisikia. Padre alimwomba Mungu ampokee mtoto huyu ambaye wazazi wake walitamani kumleta abatizwe, na awape wazazi hao matumaini. Sala ilikuwa fupi. Nkwabi alirusha udongo. Omega hakulia kwa sauti. Alimwangalia Padre mdomoni muda wote, kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

Watu walipotawanyika, Kelestini alimfuata Padre kwenye pikipiki yake.

"Jambo hili limebadilishwa lini, Padre?"

Padre Joachim akaivua stola, akaikunja taratibu. "Halikubadilishwa juzi, Mwalimu. Kanisa linamkabidhi mtoto wa namna hii kwa huruma ya Mungu. Sala hii imo kitabuni tangu mimi sijazaliwa."

"Kitabu gani?"

"Hiki cha mazishi. Hata kigangoni kwenu kipo, kwenye kabati. Mimi nilidhani unajua. Kosa ni letu pia, hatukukuuliza unafundisha nini."

Kelestini alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la kigango. Kitabu kilikuwapo, jalada limeliwa na mende. Kurasa za mazishi ya watu wazima zilikuwa na alama za vidole vyake, nyeusi kwa miaka. Alifunua mbele zaidi, na kurasa za mazishi ya watoto zilikuwa safi, mbili zikiwa bado zimegandana. Alizitenganisha kwa ukucha. Akaisoma sala ile akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye benchi la wanakwaya, akaisoma tena. Alihisi uchovu ambao hakuujua hata enzi za kulima kwa jembe. Majina yalianza kumjia yenyewe. Mtoto wa Agnetha. Mmoja wa mapacha wa Paskalina. Mtoto wa yule mwalimu wa shule aliyehamia Viwanja Sitini. Na kabla ya wote hao, yule wa Chita.

Yule wa Chita alikuwa wake.

Wakati ule yeye na Luciana walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Walikaa Chita, na yeye alikuwa ameitwa Ifakara kwenye mafunzo ya makatekista. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, wa kiume, akaishi siku mbili. Habari zilipomfikia alipanda treni, lakini njia ilikuwa imeharibiwa na mvua, treni ikalala njiani, na alipofika nyumbani mtoto alikuwa amefunikwa. Majirani walikuwa wamejaa uani. Yeye alisimama mlangoni, begi likiwa bado begani, akamuuliza mke wake, "Kwa nini hukummwagia maji?" Kila Mkristo anaruhusiwa kubatiza mtu aliye hatarini, alikuwa amemfundisha hilo mwenyewe. Luciana aliangalia chini. Kelestini alimzika mtoto nyuma ya migomba, kwa mikono yake, na hakusali kwa sauti. Walizaa watoto wengine watano, mkubwa wao Ignas. Habari ya yule wa kwanza haikuzungumzwa tena ndani ya nyumba ile kwa miaka arobaini na mitano.

Wiki nzima baada ya mazishi ya mtoto wa Omega, Kelestini alikuwa kama mtu aliyepoteza njia kwenye mji anaoujua. Alipofundisha alisahau alipoishia. Mchana alikaa na Biblia uani, akitafuta. Nguzo yake siku zote ilikuwa yale maneno ya Yesu kwa Nikodemo, kwamba asiyezaliwa kwa maji na Roho hawezi kuuingia ufalme. Aliyasoma tena. Yalikuwa yaleyale. Lakini safari hii aliona kwamba Nikodemo alikuwa mzee msomi, aliyekuja kwa miguu yake, mwenye mdomo wa kukubali au kukataa. Yale maneno aliambiwa mtu mzima.

Siku ya tano alifika kwenye habari za Daudi na mtoto wa mke wa Uria. Alikwisha kuisoma habari ile mara nyingi, akifundisha juu ya dhambi na toba. Mtoto aliugua, Daudi akafunga na kulala chini, na siku ya saba mtoto akafa. Kelestini aliweka kidole hapo. Siku ya saba. Wana wa Israeli walitahiriwa siku ya nane. Yule mtoto alikufa kabla hajapata alama ya agano, na bado baba yake aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana kuabudu, akasema kwamba siku moja yeye ndiye atakayemwendea mtoto. Daudi hakuwa na wasiwasi mtoto yuko wapi.

"Nimesoma hapa miaka thelathini na minne," Kelestini alijisemea, "sikuhesabu siku."

Hakufurahi. Mtu angedhani angefurahi. Aliona tu kwamba Mungu alikuwa mpana kuliko alivyomtangaza, na kwamba wale waliobanwa walikuwa akina mama wenye maziwa kifuani na mikono mitupu.

Alimkuta Luciana jikoni, amekaa kwenye kigoda, akichochea moto wa maharage. Kelestini alivuta kigoda kingine, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akakaa. Alimweleza habari ya kitabu kwenye kabati na habari ya siku saba. Alieleza vibaya, akirudiarudia. Luciana alisukuma ukuni ndani, akangoja.

"Nataka kusema habari ya yule wa Chita," alisema Kelestini hatimaye. "Nilikuuliza swali pale mlangoni, mbele ya watu. Sikupaswa kuuliza. Hata kama hukummwagia maji, Mungu hakumwacha. Na wewe hukukosa kitu. Nisamehe."

Luciana aliweka mwiko chini.

"Nilimmwagia," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilimmwagia maji. Bibi Agnella, jirani yetu, ndiye aliyeniambia, mtoto huyu hafiki asubuhi, mmwagie. Nikachota kwenye mtungi, nikammwagia kichwani. Maneno uliyonifundisha yalinitoka yote, Baba Ignas. Nilijitahidi, hayakuja. Nikasema tu, Mungu, huyu ni wako, anaitwa Evod. Basi."

Maharage yalifurika kidogo, Luciana akafunua sufuria.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza, ulisema maneno gani? Ningekuambia. Ungesema hayo si maneno, hajabatizwa." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Nikaona bora unione mzembe. Ukiniona mzembe, maji yangu yanabaki kama yalivyo. Nilikuwa nayo hayo tu."

Kelestini alitaka kukataa. Alijua angeuliza maneno. Palepale, begi likiwa begani, angeuliza maneno.

"Miaka yote hii unafundisha watu wengine," Luciana aliendelea, "kila mmoja ukimjibu, mimi nasikia ukinijibu mimi. Naingia ndani. Nimechoka kuingia ndani."

"Lakini unaamini kwamba yuko kwa Mungu?"

"Mimi sikuwahi kuacha kuamini. Wewe ndiye uliyefika leo." Akajifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Habari ya kusamehe, niache kwanza. Si kwamba nakataa. Niache kidogo."

Akamwacha. Chakula walikula kama siku zote, na baada ya hapo Luciana akalala mchana wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa akiugua.

Jumapili iliyofuata Padre Joachim alikuja kusoma Misa kigangoni, na Kelestini aliomba dakika mbili wakati wa matangazo. Aliwaambia waumini kwamba jambo moja alilowafundisha halikuwa sawa, akalitaja, akasema watoto wale wanaombewa na Kanisa na wako mikononi mwa Mungu anayewapenda kuliko mama zao. Alisema sala ilikuwamo kabatini na yeye hakuifungua. Hakujitetea, na hakulia. Watu walitazama mbele tu. Mama mmoja alitoka nje na hakurudi. Kisha Padre alisoma majina ya marehemu wa kuombewa, na katikati ya majina ya wazee likasomwa la Evod, mtoto wa Luciana na Kelestini, aliyezikwa Chita. Kelestini alikuwa amelipeleka jina lile mwenyewe, baada ya kumwomba Luciana ruhusa.

Nje, Paskalina alimngojea. Alikuwa mama mzee, mjane, anayetembea kwa fimbo. Mmoja wa watoto wake mapacha Kelestini alimkatalia kaburi miaka ishirini na minane iliyopita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Siku ile ulikaa kwetu mpaka jua likazama. Hata jembe ulishika, ukachimba. Watu walikusifu." Alipumua. "Mimi nilitamani uende zako mapema, uniachie nimlilie mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Hukujua?"

"Sikujua. Na sikutafuta kujua."

Paskalina akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Jina lake nalo lisomwe," alisema. "Sikumpa jina, mlisema haina haja. Nitalifikiria. Njoo Jumatano nikuambie."

Jumatano Kelestini alitoa baiskeli, na Luciana akatoka nyuma yake amejifunga khanga ya kutokea, mkoba mkononi.

"Unakwenda wapi?" Kelestini aliuliza.

"Huko unakokwenda wewe. Wanawake hawatakuambia kila kitu."

Walikwenda polepole, yeye akisukuma baiskeli, Luciana akishika kiti cha nyuma kama mkongojo. Kwa Paskalina walikaa muda mrefu. Wanawake wawili waliongea ndani, na Kelestini alikaa uani na wajukuu mpaka alipoitwa aandike jina. Lilikuwa Anselim. Kutoka hapo walikwenda kwa Agnetha, ambaye aliwakaribisha maji ya kunywa, akasema habari ile alikwisha kuisahau, kisha akalia. Ilibaki nyumba ya tatu, ya yule mwalimu wa shule, kule Viwanja Sitini. Jua lilikuwa kali na magoti ya wote wawili yalikuwa yamekataa. Luciana alisema waende kesho, na Kelestini akageuza baiskeli.