Likinyamaza, Chochea

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mchawi, maana kwenye karakana yetu akikosekana wa kulaumiwa hulaumiwa panya, na safari hii panya hana hatia. Nilisahau kizibo. Kizibo cha shaba, kinene kama kidole gumba. Na kabla ya kukisahau nilikuwa nimefanya utani, na ule utani ndio uliokaribia kuua watu.

Karakana yetu ni ya jamii. Yaani ni ya kila mtu, ndiyo maana ufagio hauna mwenyewe. Zamani ilikuwa ghala la magunia. Siku hizi kuna mashine ya kuchomelea, kuna msumeno wa umeme, kuna mashine inayochapa vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka, na kuna ya kukatia kwa leza ambayo kaka mmoja mchonga mihuri ameifanya mke wa pili. Ukiwa na wazo lakini huna vifaa, unakuja. Ukiwa na vifaa lakini huna wazo, unakuja pia, unakaa, unakunywa chai yetu. Mimi nina diploma ya ufundi mitambo, ile ya zamani, picha yangu ya chuoni bado ina nywele. Nasimamia vifaa na usalama. Usalama, mimi! Wote wananiita Mjomba.

Mwaka jana aliingia mama mmoja na mfuko wa plastiki, akaumwaga juu ya meza yangu ya kazi. Vumbi la mbao na pumba, limeota ukungu wa kijani, linanuka.

"Kaka, huu ukungu unanimaliza," akasema.

Analima uyoga kwenye mifuko. Ile mifuko lazima ipikwe kwa mvuke mpaka kila kijidudu kife, ndipo apande mbegu. Yeye alikuwa akiichemsha kutwa nzima kwenye pipa la kawaida, na bado katika kila mifuko kumi, sita inageuka kijani. Mumewe alishamwambia aachane na huo upuuzi. Mama yake mzazi, anayekaa naye, ndiye aliyemwambia ajaribu tena mara moja. Mara moja tu.

Meza ya pili alikuwepo binti wa chuo, mwaka wa mwisho, anatafuta mradi wa kumalizia masomo. Tunamwita Injinia, na mwanzoni tulimwita hivyo kwa kumcheka. Akachukua kidonge cha ule ukungu, akaunusa, akauliza, "Mama, ukipata pipa linalofungwa, mvuke ukabanwa ndani, joto likapanda zaidi?"

Miezi minne. Injinia alichora na kuchomelea mwenyewe, chuma kinene cha bomba kubwa la maji. Kaka wa mihuri akakata mpira wa mfuniko kwa leza yake. Fundi seremala akatengeneza vishikio vya mbao visivyounguza. Mimi nikaweka geji ya kusoma shinikizo na valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi, ikapiga filimbi. Mama Uyoga alikuwa anakuja kila Alhamisi kuliangalia, kama mtu anayemtembelea mtoto bwenini.

Sasa, tuna sheria moja: anayefunga hakagui. Chombo chochote cha moto au cha umeme kabla hakijatoka kinapata sahihi mbili daftarini, za watu wawili. Siku ya kulijaribu pipa, nilitoa valvu isije ikafunguka mapema, nikaweka kizibo mahali pake, tukajaza maji baridi, tukapampu kwa mkono mpaka mshale wa geji ukafika tatu. Kazi yake ni kwenye moja. Filimbi ni kwenye moja na nusu. Kwenye tatu halikutoa hata jasho. Injinia alilibusu.

Palepale wakaingia wanafunzi ishirini na mwalimu wao, wametembelea. Nami nikiona watu ishirini siwezi kufunga mdomo. Valvu nikaitia mfukoni mwa koti nikaanza kueleza. Nikieleza, gari la kubebea pipa likafika, dereva akapiga honi, akapiga tena. Fundi seremala, aliyetakiwa akague, alikuwa amekwenda kumpachikia mtu mlango. Nikaweka sahihi yangu. Kisha nikaweka na yake. Ananiamini, nikasema moyoni, hatakataa.

Pipa likapakiwa. Mama Uyoga akaniuliza pale pale barabarani, "Sasa nitajuaje kama linatosha moto?"

Ningeweza kumwambia aangalie geji. Lakini wale wanafunzi walikuwa wamenifuata nje, wananitazama.

"Dada, hili ni kama mume," nikasema. "Likinyamaza, chochea. Likipiga kelele, liache lipumzike."

Barabara nzima ilicheka. Yeye alicheka mpaka akashika kiuno.

Kesho yake asubuhi, saa tatu na nusu, nimesimama mbele ya ubao wa vifaa. Kila kifaa tumekichorea umbo lake kwa rangi, ukikitoa linabaki umbo tupu linakutazama. Macho yangu huwa yanapita tu, spana zipo, koleo zipo, na yakasimama kwenye kijiduara kitupu, chini kushoto. Mahali pa kizibo cha majaribio.

Nikaingiza mkono mfukoni. Valvu ilikuwemo.

Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Injinia, Mama Uyoga alisema anawasha saa ngapi?"

"Saa tatu. Kwani vipi, Mjomba?"

Nikamfungulia kiganja. Aliitazama ile valvu, halafu akanitazama mimi, halafu uso wake ukawa wa mtoto wa miaka sita. "Kwa hiyo pale juu kuna..."

"Kizibo."

"Kwa hiyo halitapiga filimbi."

"Halitapiga."

"Na yeye anasubiri filimbi."

Simu ya Mama Uyoga iliita mpaka ikakata. Ikaita tena. Injinia naye akampigia, ikaita, ikakata. Kaka wa mihuri hakuuliza kitu, alirusha funguo za pikipiki yake, nikaendesha, Injinia nyuma amebeba spana mbili na simu sikioni, anapiga, anapiga. Kila tulipopunguza mwendo nilimsikia, "Pokea mama, pokea, pokea." Mimi nilikuwa nahesabu. Nusu saa maji yachemke. Robo saa mshale uondoke. Baada ya hapo, kila ukuni ni hatua moja mbele, na aliyemfundisha kuongeza kuni ni mimi, kwa mzaha, mbele ya watoto wa watu.

Tulifika saa nne na dakika kumi. Uani kwake kuna banda la mabati, mifuko imepangwa kama matofali, na pipa limekaa juu ya mafiga ya chuma pembeni ya ukuta. Hatua nne kutoka kwenye moto, mama yake mzazi, bibi mzito wa masikio, amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunja midomo ya mifuko. Simu inachajiwa dirishani, ndani. Na Mama Uyoga mwenyewe ameinama, ukuni mkononi.

"Usiongeze!" nikapiga ukelele kabla hata pikipiki haijasimama. "Dada, weka chini, ondoka hapo!"

Akainuka akicheka. "Ee, huyo kaja kumkagua mumewe! Kaka, mume wako bubu huyu, tangu asubuhi kanyamaza tu. Namchochea mpaka mkono unauma."

"Sitanii. Ondoka hapo."

"Wewe lini hukutania?" Akausukuma ule ukuni ndani.

Nimeishi miaka hamsini na mbili, sijawahi kuutamani uso mwingine, pamoja na pua hii yangu. Siku ile niliutamani. Nilitamani uso wa mtu anayeaminika akisema moto. Nikarudia, sauti imepasuka, naye akapunga mkono, "Haya, haya, karibuni mkae."

Injinia alinipita. Hakupiga kelele. Alimshika Mama Uyoga mikono yote miwili, na machozi yanamtiririka, akasema, "Mama, litapasuka. Mtoe bibi."

Kicheko kikakatika kama uzi.

Bibi hakusikia lolote wala hapakuwa na muda wa kumweleza. Nilimbeba na kiti chake, kama alivyokaa, mifuko mapajani, nikatoka naye getini mgongo ukilia. "Mnanipeleka wapi?" akauliza, ametulia kabisa. "Harusini?" Nikamweka nyuma ya ukuta wa jirani, Mama Uyoga akabaki naye. Nikarudi mbio.

Injinia alikuwa ameshapata jembe la mpini mrefu, amesimama mbali anavyoweza, anavuta kuni na makaa kutoka chini ya pipa, kipande kwa kipande. Nikamnyang'anya. "Nenda kwa bibi."

"Ni kazi yangu hiyo, Mjomba."

"Pipa ni kazi yako. Kosa ni langu. Nenda!"

Nilivyovuta makaa niliuona mshale. Mbili na nusu, na unatetemeka. Lipo bomba dogo la kutolea mvuke kwa mkono, lakini liko upande wa ukutani. Kulifikia ni lazima uliinamie pipa kifua kwa kifua, na sikutaka mtu yeyote aliinamie. Nilivuta mpaka chini pakabaki majivu, nikatupa jembe, nikakimbia kwa mbio ambazo daktari wangu alishanikataza.

Halafu tukasubiri. Wanne nyuma ya ukuta wa matofali, tumechuchumaa, isipokuwa bibi aliyekuwa kwenye kiti. Kutoka pale geji haikuonekana. Injinia akainua simu yake juu ya ukuta, kamera imevutwa karibu hadi mwisho, akawa anasoma.

"Mbili na nusu."

Chuma kilikuwa kinalia kidogo kidogo, tik, tik. Huenda ni kwa kupoa tu. Nilijua kinapopoa hulia. Nilijua pia tulikijaribu kwa maji baridi, na maji baridi si mvuke.

"Bado mbili na nusu."

"Ulichomelea vizuri?" Mama Uyoga akamnong'oneza.

"Vizuri, mama." Macho hayakuondoka kwenye simu. "Nadhani vizuri."

Bibi akaendelea kukunja midomo ya mifuko. Mtoto wa jirani akachungulia mlangoni, mama yake akamvuta kwa sikio. Nikatafuta neno la kuchekesha, maana ndivyo ninavyopumua, na kwa mara ya kwanza sikulipata.

"Mbili na robo," Injinia akasema. Kisha, baada ya muda mrefu sana, "Mbili."

Ilichukua zaidi ya saa. Mshale uliposhuka hadi moja na nusu, pale ambapo filimbi ingepiga, sisi watatu tulitega masikio, sijui kwa nini. Kimya. Kisha moja. Kisha nusu. Kisha Injinia akashusha simu.

Tukarudi uani. Mifuko iliyokuwemo ndani ya pipa, hata kabla ya kufungua tulijua ni ya kutupa, kwa joto lile plastiki lazima imenyauka. Ile mara moja tu ya Mama Uyoga ilikuwa humo.

"Si mna sahihi mbili?" akauliza taratibu. "Mlinionyesha. Mkajisifu nazo."

Injinia akafungua mdomo. "Mama, mimi ndiye niliyechomelea, ningepaswa..."

"Si yeye," nikasema. "Sahihi zote mbili niliweka mimi. Kizibo niliweka mimi. Na yale maneno ya mume, mimi."

"Nilikucheka," akasema Mama Uyoga. "Unaniambia nakufa, mimi nakucheka. Na mama yangu amekaa pale."

Bibi, tuliyekuwa tumemrudisha na kiti chake lakini mbali, akauliza kwa sauti kubwa kama chai imewekwa.

Injinia akapanda kwenye tofali, akafungua kizibo kwa spana, taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Pumzi ndogo ya mvuke ikatoka, pss, ikaisha. Akakiweka kizibo juu ya ukuta. Pale juu ya pipa pakabaki tundu.

Nikaitoa valvu mfukoni. Nikaifuta kwa shati, nikapuliza uzi wake, ile mikunjo ya kusokotea, nikapanda kwenye tofali aliloshuka Injinia. Mikono yangu ilijua cha kufanya; imefanya hivyo miaka ishirini na saba. Niliisokota kwa vidole mpaka ilipokaza, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama ninavyofanya karakanani, ambako mtu yeyote aliye karibu hunitilia kifaa kiganjani.

"Naomba spana," nikasema.

Kiganja kikabaki wazi. Nikageuka. Spana alikuwa nayo Injinia, ameishika kwa mikono miwili kifuani, anamtazama Mama Uyoga. Mama Uyoga alikuwa anatazama ile valvu.

"Nitaikaza tu. Halafu Injinia akague, na wewe mwenyewe ukague, dada, kwa mkono wako." Nilijaribu kutabasamu, nikaacha. "Naombeni spana, jamani."